Mfiwa ana watu, mdaiwa yuko peke yake

Katika msiba wa Uganda hakuna anayemwuliza mfiwa anajisikiaje. Habari ikishafika, wanawake wa jirani wanakuja na masufuria yao, mmoja na jerikeni ya maji kichwani, mwingine na mkungu wa matoke. Vijana wanatafuta kuni na kusimamisha hema. Wanaume wanawasha moto uani na kuketi hapo hadi alfajiri, wakizungumza bei ya kahawa, mpira na siasa za wilaya. Kwa Baganda mchango wa rambirambi huitwa mabugo, jina lililobaki tangu enzi watu walipoleta vitambaa vya magome ya mti wa mutuba vya kumsitiria maiti. Siku hizi ni pesa, na zinaandikwa kwenye daftari jina kwa jina. Mfiwa ameketi mkekani, hajaulizwa swali hata moja la moyoni, na bado hakuna kijijini anayelindwa kuliko yeye wiki hiyo.

Mgeni aliyesomea ushauri nasaha anaweza kudhani watu hawa wanakwepa uchungu. Sivyo. Wanaushughulikia, ila kwa mikono. Mwaka 2007 mwanasaikolojia Shelley Taylor na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika Marekani kwa watu wenye asili ya Ulaya na wenye asili ya Asia. Washiriki walitiwa wasiwasi kwa makusudi, wakapewa kazi ngumu. Baadhi yao waliambiwa waandike barua ya kuomba msaada kwa mtu wa karibu. Wengine waliambiwa walifikirie tu kundi wanalolithamini na waandike kwa nini lina maana kwao. Kisha kwenye mate yao ikapimwa kortisoli, homoni ambayo mwili huimwaga unapobanwa. Wenye asili ya Asia walitulia zaidi walipolifikiria kundi lao kuliko walipoomba msaada waziwazi. Kwa wenye asili ya Ulaya ikawa kinyume. Hakuna aliyepimwa kutoka Uganda, na jaribio hilo lisibebeshwe lisichokipima. Lakini sababu wanayoitoa watafiti hao inafahamika vizuri Masaka, Arua na Kasese: pale ambapo kuomba ni kumtwisha mwenzio, kuomba kwenyewe kunakuwa mzigo wa pili.

Tena tatizo halimlemei mtu kwa ukubwa wake tu. Wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman walieleza miaka ya 1980 kwamba mtu akipatwa na jambo hujiuliza mambo mawili, hata bila kujijua: je, hili linanitishia, na nina nini cha kulikabili? Mila inaingia katika maswali yote mawili. Kuuza nusu ekari ni biashara ya kawaida kwa aliyenunua kiwanja Mukono juzi. Kwa yule ambaye makaburi ya ukoo wake yamo ndani ya nusu ekari hiyo, mpima ardhi akionekana tu kwenye migomba usingizi unakatika. Na swali la pili, la nina nini, kwa watu wengi wa Uganda halianzi na pesa wala na nguvu za mtu binafsi. Linaanza na: nina nani?

Hapo ndipo penye ubora wetu na penye kasoro yetu. Jamii za Uganda zimejipanga vizuri sana kumshika mtu mwenye janga linaloonekana. Kigezi na Ankole, kusini magharibi, kuna vikundi vya engozi, machela ya kubebea wagonjwa mabegani kuvuka vilima, na vikundi vya twezikye vya kuzikana. Buganda kuna munno mukabi, vikundi vya kusaidiana wakati wa shida, vyenye sahani, viti, masufuria na kanuni zilizoandikwa. Kifo kina utaratibu, uzazi una utaratibu, na mgonjwa asiyeweza kutembea ana watu wa kumbeba. Lakini deni halina utaratibu. Kupunguzwa kazi hakuna utaratibu. Wala ndoa iliyokaa miaka bila mtoto, wala kurudi kutoka Ghuba kwenye kyeyo, yaani vibarua vya ughaibuni, na sanduku moja jepesi wakati ndugu wanakungoja uwanjani Entebbe na gari la kukodi. Kwa mambo haya, watu walewale ambao wangekesha nawe msibani ndio unaojificha wasikuone.

Chukua karo. Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bure mwaka 1997 na ya sekondari mwaka 2007, lakini sare, chakula, mitihani na bweni bado ni juu ya familia, na familia nyingi huishia kwenye shule za binafsi. Mwaka wa shule una mihula mitatu. Kuanzia katikati ya Januari, mwenye mshahara mjini anaanza kupigiwa simu: mtoto wa kaka, mtoto wa dada aliyefariki, binamu aliyefaulu kuingia sekondari. Adabu haimruhusu kusema hapana. Anasema "tutaona", "nipigie wiki ijayo". Mwombaji naye, kwa adabu ileile, hawezi kumbana, na kwa kuwa hajanyimwa haendi kutafuta pengine. Shule inafunguliwa, mtoto anarudishwa nyumbani kwa kukosa ada, na sasa kuna watu wawili wasiolala. Mwenye mshahara anazima simu, au anakwenda kwa mkopeshaji na kumwachia kadi ya benki pamoja na namba ya siri, ili mshahara ukiingia mkopeshaji awe wa kwanza kuchukua. Mwezi unaofuata anakopa tena apate kula.

Ushauri unaotolewa na wataalamu wengi wa mijini ni kwamba ajifunze kukataa. Ni ushauri mbaya kwa mahali petu, kwa sababu unamtaka mtu avunje uhusiano ambao ndio bima yake pekee. Akiugua, hao anaowakataa ndio watakaombeba. Kuna njia iliyo ndani ya mila yenyewe, nayo ni kikao. Familia nyingi hukutana nyumbani kwa wazee Desemba, wakati wa Krismasi, au Idd. Mwenye mshahara aende kikaoni na kiasi kimoja, kile anachoweza kukitoa kila muhula bila kukopa, akitamke mbele ya mzee wa familia: ni kiasi gani, kwa mtoto yupi, hadi darasa gani, kitumwe tarehe gani. Mzee akirudie kwa sauti. Kiandikwe kwenye daftari, kama mabugo yanavyoandikwa. Januari simu ya ziada ikipigwa, hasemi hapana yeye, kikao kilishasema. Kinachoharibu mpango huu mara nyingi ni kumtumia mmoja pesa za siri kwa simu baada ya kikao kwa kumwonea huruma. Habari inafika kwa wengine kabla ya wiki kwisha, na kikao cha mwaka unaofuata hakiaminiwi tena.

Mzigo usiosemwa mdomoni mwili huusema. Kwenye kituo cha afya cha daraja la tatu, pale kwenye makao ya kata, anakuja mama anayelalamika kichwa, shingo nzito, moyo kwenda mbio, mwili kuwaka kama umepakwa pilipili, tumbo kuungua. Anapimwa malaria kwa kipimo cha haraka, haipo. Mara nyingine anapewa dawa ya malaria vilevile, pamoja na parasetamo, na omeprazoli kwa sababu amesema ana alsa, yaani vidonda vya tumbo. Baada ya wiki mbili amerudi. Mhudumu akimwuliza kama ana stresi, anajibu hana, na hadanganyi: stresi kwake ni neno la wasomi wenye ofisi, yeye ana presha na kichwa.

Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 20 ya ndiyo au hapana kuhusu siku 30 zilizopita, linalojulikana kama SRQ-20. Wengi hulidharau kwa sababu ni rahisi mno, lakini maswali yake kadhaa ni ya mwili: kichwa kuuma, usingizi, hamu ya kula, mikono kutetemeka, tumbo, uchovu. Mgonjwa wa kata anaweza kuyajibu bila kuhisi anaitwa mwendawazimu. Tahadhari ni moja: idadi ya ndiyo inayoonyesha mtu anahitaji msaada hutofautiana mahali na mahali, hivyo mpaka uliowekwa kwa watu wa nchi nyingine usichukuliwe kama ulivyo. Na mwili wenyewe usipuuzwe. Presha ipimwe mgonjwa akiwa ameketi na kupumzika dakika 5, mgongo umeegemea, mkono umetulia usawa wa moyo. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, hiyo ni presha ya kweli na inahitaji matibabu yake. Moyo kwenda mbio unaweza kuwa upungufu wa damu. Vidonda vya tumbo vipo, na vingi husababishwa na bakteria wanaotibiwa kwa viuavijasumu. Makosa ni kuchagua moja: ama mwili ama mawazo. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na kimoja kinazidisha kingine.

Namna ya kuuliza ina mpangilio wake. Anza na mwili, kwa kuwa ndio aliokuja nao. Kisha uliza usiku wake: "Ukiamka saa tisa, unafikiria nini?" Hapo jibu hutoka lenyewe, ama ni shemeji anayetaka shamba, ama ni mkopo. Swali la tatu ndilo linalorukwa na wengi, nalo ndilo zito: "Nani mwingine analijua jambo hili?" Akijibu kwamba hakuna, hapo una mgonjwa ambaye dawa peke yake haitamtosha. Swali hilo lisiulizwe kwenye benchi la foleni, wala mbele ya ndugu aliyekuja kumkalimania. Kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali, ambako Wakongomani wengi husema Kiswahili, mkalimani anaweza kuwa wa kabila ambalo mgonjwa alilikimbia. Mgonjwa atasema ana "mawazo mingi" na kuishia hapo. Mhudumu mwenye Kiswahili cha kutosha, hata kama si kile cha vitabuni, anafaa kuliko mkalimani hodari asiyeaminika.

Wanaume wana shida ya peke yao. Watu hulaumu mila kwamba inawafundisha kuficha maumivu, na husahau nusu ya pili ya mafunzo hayo. Tazama imbalu, tohara ya Bamasaba, inayofunguliwa Mutoto karibu na Mbale kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Kijana husimama wima, hapepesi macho wakati wa kukatwa. Akitikisika ni aibu ya ukoo mzima. Ni ukakamavu wa hali ya juu. Lakini hebu angalia kinachouzunguka. Yeye mwenyewe ndiye aliyetangaza kwamba yuko tayari. Kwa siku kadhaa amecheza na kuzunguka kwa ndugu wa pande zote mbili akiwa na kundi la watu wanaomwimbia. Kisu kinapopita, mamia wanamtazama na kumshangilia. Baada ya hapo hufunikwa, huketishwa, hulishwa kwa mikono ya wengine, na kuna mtu maalumu wa kuangalia kidonda. Kunyamaza kwake kumebebwa na watu wote hao. Mwanaume wa leo aliyenyang'anywa bodaboda kwa kushindwa kulipa mkopo ametakiwa anyamaze vilevile, bila ngoma, bila ndugu, bila wa kumwangalia kidonda. Tumehifadhi amri ya kutotikisika tukaacha kila kilichofanya iwezekane.

Ndiyo maana kwenye suala la pombe naona tofauti ambayo wahubiri wa kiasi hawaijali. Malwa, pombe ya ulezi ya Teso inayonywewa sasa karibu kila mji, hunywewa kwenye chungu kimoja kilichowekwa katikati, inaongezwa maji ya moto, kila mtu na mrija wake mrefu. Huinywi haraka. Vikundi vingi vina mwenyekiti, faini kwa anayetukana, na mchango wa msiba. Waragi, pombe kali, ya vipaketi ilikuwa mfukoni, ikanywewa peke yako asubuhi kabla ya kazi. Serikali ilivipiga marufuku vipaketi mwaka 2019 na kutaka ujazo usiwe chini ya mililita 200, na hatua hiyo ilikuwa sahihi, ingawa chupa ndogo za plastiki zimechukua nafasi yake. Simshauri mtu mwenye mawazo akanywe malwa. Pombe huvuruga usingizi na kuzidisha huzuni kwa chungu kama kwa chupa. Ninachosema ni kwamba mhudumu wa afya anayetaka kuwapata wanaume wenye shida wilayani Soroti au Kumi ajue walipo saa kumi na moja jioni. Mwenyekiti wa kikundi cha malwa anajua nani ameacha kuja na tangu lini, na anayeacha kuja ghafla ndiye wa kutafutwa.

Kaskazini inaonyesha kinachotokea uwanja wa mila ukivunjwa. Kwa Waacholi, wang-oo ni moto wa jioni nyumbani ambapo wazee na watoto huketi, mafunzo yakatolewa, ugomvi wa siku ukapatanishwa. Vita vya waasi wa LRA viliwasukuma watu kambini. Kufikia mwaka 2005 waliohamishwa walikuwa wanakaribia milioni 2. Kambini vibanda viligusana paa kwa paa, usiku ilikuwa marufuku kutembea, na wang-oo ikafa. Watu walikuwa wengi kuliko wakati wowote, wamebanana, na bado kila mmoja alibaki na yake. Naona hapo jibu kwa wanaodhani kwamba Mwafrika hawezi kuwa mpweke kwa sababu ameishi na wengi. Wingi wa watu hausaidii pasipo mahali na saa ya kuketi.

Vita vilipotulia baada ya mwaka 2006, vijana waliorudi kutoka porini walipokewa kwa nyono tong gweno: mtu anakanyaga yai lililowekwa kwenye tawi la opobo, karibu na layibi, kijiti cha kufungulia ghala, ndipo anaingia nyumbani. Kuna walioidharau shughuli hiyo na kuna walioifanya dawa ya kila kitu. Ilichofanya ni kikubwa lakini kina mpaka wake. Ilibadilisha jibu la swali la nina nani: huyu sasa ni wetu, anaweza kula nasi. Ndoto za usiku, mshtuko wa kila kishindo, na cen, yaani roho za waliouawa zinazorudi kumsumbua mtu, zilihitaji kazi zaidi, nyingine ya wazee na nyingine ya kliniki. Na pale ambapo shughuli ilifanywa kwa mkupuo, mamia uwanjani mbele ya kamera, bila ndugu wa mtu mwenyewe kuwapo, ilikosa kile hasa kilichoipa nguvu.

Kuhusu vikundi, Uganda ina ushahidi ambao dunia inajifunza kwake, na inasikitisha kwamba wenyewe hatuutumii vya kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, eneo lililokuwa limepukutishwa na UKIMWI, watafiti walianza kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe ni shida gani za moyo wanazoziona. Wakatajiwa hali mbili zenye majina yake kwa Kiganda: mtu kujichukia, na mtu kujihurumia hadi kushindwa kazi. Waliozidiwa na hali hizo waliwekwa kwenye vikundi, wanaume mbali na wanawake mbali, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Viongozi walikuwa watu wa hapohapo, wasio wataalamu wa akili, waliofundishwa wiki 2. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Mwishoni, waliokuwa bado na sonona kamili, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kwenye vijiji vyenye vikundi walikuwa asilimia 6.5, kwenye vijiji ambavyo havikupata, asilimia 54.7. Kabla ya kuanza walikuwa asilimia 86 na 94. Sonona ni zaidi ya msongo wa kawaida, lakini njia waliyopita ni ileile: msiba, ugomvi, na mabadiliko makubwa ya maisha, kila mtu akiunganisha siku moyo ulipozama na jambo lililotokea kati yake na mtu fulani.

Kambi ya Rhino huko West Nile ilitoa ushahidi mwingine mwaka 2020. Wanawake wakimbizi 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki katika jaribio ambalo nusu ya vijiji vilipata vipindi 5 vya saa 2 vilivyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, pamoja na kitabu cha picha, kikundi kikifika watu 30. Faida ilikuwepo, ingawa ya kiasi tu. Hiyo ni njia ya bei nafuu pale wahitaji ni wengi mno. Haiwezi kuchukua nafasi ya kikundi kidogo kinachojuana.

Anayetaka kuanzisha kikundi kama hicho kijijini azingatie mambo ambayo miongozo huyapitia haraka. Watu 6 hadi 10 wanatosha. Kwa Baganda, mkwe na mama mkwe hawapaswi hata kukaribiana, hivyo lazima ujue nani ni mkwe wa nani kabla ya kupanga majina. Siku isiwe ya gulio, wala Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi. Msimu wa kupanda, Machi na tena Septemba, sogeza hadi saa kumi alasiri. Pakutane mahali pasipo na upande: si kanisani kama wamo Waislamu, si kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, kama wapo wenye kesi kwake, na si kwa mtu anayewadai wenzake. Kikao cha kwanza kitangaze waziwazi kwamba hakuna sabuni, nauli wala mbegu zitakazogawiwa. Mashirika yamewazoesha watu vitu, na anayekuja akitarajia kitu ataondoka wiki ya tatu akisema amedanganywa.

Hitilafu kubwa tatu ni hizi. Kiongozi kugeuka mhubiri: mtu anaanza kueleza, naye anamkatiza kwa aya. Ushauri kutolewa mapema, kabla hata habari haijaeleweka. Na kuchanganya kikao na kikundi cha kuweka na kukopa. Hili la tatu huonekana jema, kwa kuwa watu wameshakusanyika, sanduku lipo na funguo zake tatu. Lakini mwenye deni la sanduku ndiye anayehitaji kusema zaidi, na ndiye atakayekosa siku ya marejesho. Tenganisha siku, au angalau anza na mazungumzo na ufungue sanduku baadaye.

Kuna mengine yanayohitaji kuulizwa kwa namna ya mahali. Kwa kawaida hatumsemi marehemu vibaya, hivyo mjane aliyeachiwa madeni na mke mwenza asiyemjua hawezi kuulizwa kama ana hasira na mumewe. Mwulize ni yapi yaliyobaki bila kutengenezwa. Mke mwenye ugomvi ndani ya ndoa asisukumwe kumkabili mume uso kwa uso. Ssenga, yaani shangazi, yupo kwa kazi hiyo, na anaweza kufika siku ya pili akiwa na kuku mkononi na kusema yote bila mtu kudhalilika. Ila hakikisha kwanza kwamba ssenga huyo si wa kumrudisha mtu kwenye kipigo. Penye kipigo, njia ni polisi na kituo cha afya.

Makanisa na misikiti siyajadili kwa urefu, kwa kuwa faraja yake inajulikana: mkesha, dua, watu wanaokutaja kwa jina. Jambo moja tu lisilegezwe. Mtu mwenye kifafa, virusi vya UKIMWI, kisukari au ugonjwa wa akili asiachishwe dawa kwa ajili ya mfungo au maombezi. Hivyo hivyo kwa waganga wa kienyeji. Anayetibiwa kwao aendelee na vidonge vyake.

Kuna pahali mila zetu zinaua, nalo lisemwe. Katika jamii kadhaa aliyejiua huzikwa haraka, bila matanga, bila kuliliwa, na Sheria ya Adhabu bado inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Familia inaficha, na yule anayewaza hayo anaficha zaidi, kwa kuwa anajua atakachofanyiwa. Uliza moja kwa moja: "Umefikia kuwaza kujitoa uhai?" Swali hilo halimpandikizi mtu wazo, humpa nafasi ya kupumua. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa za kuulia wadudu wa shambani zifungiwe mbali, na apelekwe kituo cha afya cha daraja la nne au kitengo cha afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, kama Arua, Gulu, Mbale, Masaka au Mbarara. Si lazima afike Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyoko Kampala.

Munno mukabi na twezikye hukutana kila mwaka kuzipitia upya kanuni zao. Humo mmeorodheshwa matukio ambayo wanachama huitikia: kifo cha mwanachama, cha mwenzi, cha mtoto, cha mzazi, wakati mwingine arusi au kulazwa hospitali. Kiongezwe kifungu kimoja: mwanachama aliyepoteza kazi au biashara, aliyenyang'anywa mali kwa deni, au aliyerudi kutoka nje. Ndani ya siku 7 waende watatu, wa jinsia yake, mmoja wao awe mkubwa kwa umri. Wasipeleke pesa, maana pesa zitaleta hesabu na aibu. Wapeleke mkungu au kilo ya sukari, wakae saa nzima, wasitoe mahubiri, na wasiulize deni ni kiasi gani. Warudi wiki ya pili na ya nne. Katibu aandike tarehe tu, bila sababu ya ziara, kwa kuwa daftari la kikundi husomwa na wengi.